Wiki tano za eksirei Glasgow

Machi 11, 1957, magari 37 yenye mashine za eksirei yaliingia mitaani Glasgow, Scotland, na kwa wiki tano jiji zima likapanga foleni kupigwa picha ya kifua. Wahamasishaji wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba. Aliyepimwa alipewa beji, na kulikuwa na bahati nasibu ya zawadi nono, hata gari. Nani asingejitokeza?

Kupimwa kwenyewe kulikuwa kwa dakika chache. Unapanda, unabana kifua kwenye bamba, unavuta pumzi na kuishikilia, picha inapigwa, unashuka. Filamu ilikuwa ndogo, ikabidi ikuzwe ndipo isomeke. Aliyeonekana na kivuli pafuni aliitwa tena apigwe picha kubwa na makohozi yake yapimwe.

Zaidi ya watu 700,000 walipimwa. Kati ya watu wazima 819,301 wa jiji hilo, waliojitokeza ni 622,349, yaani asilimia 76. Idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa mwaka huo ilikaribia kuongezeka maradufu.

Hapo ndipo hospitali nyingi zingezidiwa. Miaka michache tu nyuma, hata Scotland isingeliweza zigo hilo: wagonjwa wa TB walisubiri vitanda kwa miezi, wauguzi walikuwa haba, na kuanzia 1951 Serikali ikawa inawasafirisha baadhi yao hadi Uswisi kutibiwa. Kumsaka mgonjwa mtaani ilhali huna pa kumlaza ni kumpa hofu na kumrudisha nyumbani nayo. Kilichookoa jahazi ni dawa: streptomaisini, PAS, na tangu 1952 isoniazidi. Zilipotumiwa kwa pamoja, wagonjwa walipona na vitanda vikaachia. Kwa maoni yangu, wanaoisifia Glasgow kwa magari na beji zake wanaisahau sehemu hii, nayo ndiyo iliyoibeba kampeni.

Na ilizaa matunda. Uchambuzi mpya wa takwimu hizo, uliochapishwa 2024, unakadiria kuwa zaidi ya watu 4,000 waliepushwa na ugonjwa huo katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo enzi ya magari hayo haikudumu. Mwaka 1959 utafiti wa Madras, India, ulionyesha kuwa mgonjwa anayemeza dawa akiwa nyumbani hupona sawa na aliyelazwa. Kisha ukaja wa Kolín, Czechoslovakia, ambako watu walipigwa picha kila baada ya miaka mitatu. Wengi wa wenye vimelea kwenye makohozi walibainika katikati ya awamu, kwa sababu walikohoa wakaenda wenyewe kwa daktari. Mashine ghali, mavuno haba.

Mwaka 1974 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakashauri upigaji picha wa watu wote bila kuchagua uachwe, nguvu zielekezwe kwenye kupima makohozi ya wanaofika kituoni wakikohoa.