Msimu Ambao Kilimanjaro Ilikuwa Kifuani Tu

Ukizitazama picha za Ligi Kuu ya Tanzania Bara za msimu wa 2013/14, kuna neno utalikuta sana. Liko kifuani mwa mchezaji wa Simba, na akitokea wa Yanga pembeni yake, liko kifuani mwake pia: Kilimanjaro. Ni bia, siyo mkoa. Kampuni ya Bia Tanzania ilikuwa ikizidhamini timu zote mbili za Kariakoo kwa jina hilo la mlima. Mkoa wenyewe haukuwa na timu. Ligi ilikuwa na timu 14, na sisi wa Uru, wa Machame, wa Rombo na wa Same tulikuwa watazamaji.

Nauandikia msimu ule kwa sababu tangu hapo hakuna mwingine uliofanana nao. Ndiyo mara ya mwisho ubingwa kwenda kwa timu isiyo Simba wala Yanga. Watu wanaukumbuka kwa jina moja, Azam, na wana haki. Lakini kwa sisi tuliokuwa tunautazama kutoka huku mlimani, nadhani kulikuwa na jambo jingine la kujifunza, na hatukulijifunza.

Tuanze na matokeo yenyewe. Azam ilicheza mechi 26, ikashinda 18, ikatoka sare 8, haikufungwa hata moja. Pointi 62. Yanga ilimaliza ya pili kwa pointi 56. Mbeya City ya tatu kwa pointi 49, tena ukiwa ndio msimu wake wa kwanza kabisa Ligi Kuu. Simba ikawa ya nne na pointi 38, yaani pointi 24 nyuma ya bingwa. Waliposhuka daraja walishuka watatu: Ashanti United, Rhino Rangers ya Tabora na JKT Oljoro ya Arusha. Hiyo ya mwisho ilituuma kidogo. Oljoro haikuwa yetu, lakini ilikuwa inachezea Sheikh Amri Abeid, na mtu wa Moshi aliyetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake alikuwa anapanda basi asubuhi, anakwenda Arusha, jioni amerudi. Iliposhuka, hata safari hiyo ikawa haipo.

Wenye kumbukumbu za ushabiki watakuambia msimu ule ulikuwa wa tarehe 20 Oktoba 2013. Siku hiyo Yanga ilikwenda mapumziko ikiwa inaongoza 3-0 dhidi ya Simba, Mrisho Ngassa kafunga moja, Hamis Kiiza mawili. Kipindi cha pili Simba ikarudisha yote: Betram Mwombeki, Joseph Owino, Gilbert Kaze. 3-3. Vibanda umiza vilitetemeka siku ile. Mtu wa Yanga aliyekuwa ameanza kununulia watu soda mapumziko alimaliza jioni akiwa kimya.

Lakini ukiangalia kwa umbali wa miaka, zile kelele za Kariakoo zilikuwa zinafunika kitu. Mzunguko wa kwanza ulipoisha Novemba, Yanga ilikuwa juu kwa pointi 28. Nyuma yake, kwa pointi moja tu, walikuwepo wawili wenye pointi 27 kila mmoja, na wote hawajafungwa: Azam na Mbeya City. Mechi ya kufunga mzunguko waliikutanisha wenyewe kule Chamazi, ikaisha 3-3. Simba na Yanga walikuwa na hadithi yao, huku wengine wawili wanacheza ligi nyingine kabisa.

Kisha makocha wakabadilishwa kama ilivyo desturi yetu. Simba ikaachana na Abdallah Kibadeni, akaja Zdravko Logarušić. Yanga ikaachana na Ernie Brandts, akaja Hans van der Pluijm. Hata Azam ilimpoteza Stewart Hall katikati ya msimu, akaja Joseph Omog kutoka Kameruni, mtu aliyeipa AC Léopards ya Kongo Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2012. Tofauti ni kwamba Azam ilibadilisha kocha bila kubadilisha mwendo. Mishahara ilikuwa inaingia, uwanja ulikuwa wao, wachezaji walikuwa na mahali pa kulala na pa kufanyia mazoezi. Tarehe 13 Aprili 2014, kwenye Uwanja wa Sokoine, Azam iliifunga Mbeya City 2-1 na kuchukua ubingwa ikiwa bado ina mechi mkononi. Kabla ya hapo, timu ya mwisho nje ya Simba na Yanga kubeba kombe ilikuwa Mtibwa Sugar, mwaka 1999 na 2000.

Sasa hebu tuzipange zile timu 14 kwa namna nyingine, siyo kwa pointi bali kwa mwenye nayo.

Timu sita zilikuwa za vyombo vya ulinzi na usalama: Ruvu Shooting, JKT Ruvu, Mgambo, Oljoro, Rhino Rangers na Prisons ya Mbeya. Mbili zilikuwa za viwanda vya sukari, Mtibwa na Kagera. Moja ya kampuni ya biashara, Azam, iliyoanza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa Bakhresa na kupanda Ligi Kuu 2008. Moja ya halmashauri, Mbeya City, iliyoanzishwa na Jiji la Mbeya mwaka 2011. Zilizobaki nne ndizo zilikuwa klabu za wanachama: Simba, Yanga, Coastal Union ya Tanga na Ashanti ya Ilala.

Kwa hiyo timu kumi kati ya kumi na nne zilikuwa na mfuko wa mtu mwingine nyuma yake. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Bila majeshi na viwanda, mikoa mingi isingewahi kuiona Ligi Kuu. Lakini timu ya namna hiyo inakaa mkoani kama mpangaji. Analipa kodi, anasalimiana vizuri na majirani, na siku mwenye naye akibadilisha mpango anafunga mizigo. Au mfuko unapungua, timu inashuka, na mji unabaki unashangaa kwa sababu haukuwahi kuulizwa kitu.

Hapo ndipo Mbeya City ilikuwa kitu kipya. Kwenye makaratasi ilikuwa ya halmashauri, lakini uwanjani ilikuwa ya watu. Waliovaa zambarau waliisindikiza timu yao mpaka Dar es Salaam, wakaimba kwenye viwanja ambavyo vimezoea rangi mbili tu, nyekundu na njano. Juma Mwambusi alikuwa kocha wa nyumbani, na wachezaji kama Deus Kaseke hawakuwa majina makubwa kabla ya hapo. Ukanda huo ulikuwa umeshaonja ubingwa, maana Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa Ligi mwaka 1986. Ila lililotokea 2013 ni kwamba mji ulikubali, ndani ya miezi michache, kuacha kuwa wa Simba na Yanga kwanza. Kwa mtu wa mkoani hilo ni gumu kuliko kuchukua kombe.

Ugumu wake unajulikana Uru. Huku kwetu mtoto anarithi Yanga kama anavyorithi kihamba: kwa baba, aliyeipata kwa babu, aliyeipata kwenye redio ya mkulima, siku za RTD, akisikiliza mpira wa mji ambao labda hakuwahi kufika. Hakuna anayeuliza kwa nini. Desemba watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, mbege ikiwa mezani na nyama inakatwa, ubishi utakaousikia ni wa Msimbazi na Jangwani. Wazee wanatupiana maneno, "Meku, mwaka huu mmekwisha," na meku anacheka tu. Ni furaha ya kweli, siidharau. Lakini ni furaha ya kilomita zaidi ya mia tano kutoka hapa.

Haikuwa hivyo siku zote. Moshi ilikuwa na Ushirika. Jina linajieleza: huu ni mji wa KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933, na timu ya Ushirika ilicheza Daraja la Kwanza, ligi ya juu ya enzi zile, ikawapokea Simba na Yanga hapa hapa mjini. Mkulima wa Uru aliyepeleka kahawa yake kwenye chama alikuwa na sababu ya kusema "timu yetu" bila kuona haya. Ile haikuwa timu ya jeshi wala ya tajiri.

Lakini hata Ushirika ilikuwa imesimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa kahawa. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha miaka ya 1980. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa kahawa duniani ukavunjika na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini. Watu wakang'oa mibuni, wakapanda mahindi na mboga chini ya migomba. Katika hali hiyo, nani angelipia nauli ya timu ya mpira kwenda Bukoba? Ushirika ikapotea kwenye ramani, jina likabaki kwenye uwanja.

Kwa hiyo msimu wa 2013/14 ungeweza kutusomesha. Azam ilionesha kuwa pesa zikipangwa vizuri zinaweza kuwashinda wakubwa wawili. Mbeya City ilionesha kuwa mji unaweza kujitengenezea timu na kuipenda ndani ya miaka mitatu. Tungeweza kuiga njia ya pili. Badala yake tulisubiri tuletewe, na kweli tukaletewa. Mwaka 2019 Polisi Tanzania ilipanda daraja na Ushirika ikawa uwanja wake wa nyumbani. Ligi Kuu ikarudi Moshi. Daladala za Uru zikawa na kazi siku za mechi. Ila Simba na Yanga walipokuja, jukwaa lilionesha ukweli: wengi wetu tulivaa nguo za wageni. Mwenyeji alikuwa mpangaji.

Mwisho wa msimu wa 2022/23 Polisi Tanzania ikashuka. Na katika mambo ambayo historia hupanga bila kumuuliza mtu, Mbeya City nayo ikashuka msimu huo huo, baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo. Mwambusi na Kaseke walikuwa wameshaondoka zamani, wote kwa kupitia Yanga. Unaweza kusema basi, mfano wangu umejifia wenyewe, jeshi na halmashauri zote zimeishia shimo moja. Sikubaliani. Mbeya City ilicheza miaka miwili chini kisha ikapanda tena kwa msimu wa 2025/26, ikakuta watu wake wanaisubiri. Mji ukishaitambua timu kuwa yake, kushuka ni msiba wenye matanga na mwisho. Moshi haikuwa na matanga kwa Polisi. Wiki iliyofuata tulikuwa tunabishana usajili wa Simba.

Tangu Azam ivuliwe taji lake, Yanga imechukua mara tatu mfululizo, Simba ikachukua nne, Yanga ikarudi na nne nyingine mpaka 2024/25. Misimu kumi na moja, majina mawili. Azam yenyewe, na pesa zake zote, mara nyingi imeishia kuwa ya pili au ya tatu. Labda pesa peke yake inanunua msimu mmoja. Labda halmashauri peke yake inanunua jukwaa lililojaa. Hakuna aliyejaribu vyote viwili kwa pamoja mkoani na kuvishikilia kwa muda mrefu.

Kilimanjaro ina watu wenye biashara Dar, Arusha, Mwanza na hata ng'ambo, watu ambao kila Desemba wanachangia kanisa, barabara ya kijiji, kisima na harusi ya mtoto wa jirani. Kuchanga tunajua sana. Uwanja wenye jina la Ushirika upo, na vijana wanaocheza kwenye viwanja vya shule kuanzia Kishumundu mpaka Materuni wapo. Neno Kilimanjaro tumeliona vifuani mwa timu mbili za Dar es Salaam kwa miaka, limelipiwa na kampuni ya bia. Mchango wa kulivalisha kifua cha kijana wa hapa bado haujaitishwa kwenye kikao chochote cha Desemba nilichohudhuria.