Mwaliko Usiomchagua Mtu: Kambi za Besiboli za Vyuo Vikuu na Wachezaji wa Sekondari Marekani

Nyumba nyingi za Marekani zenye kijana wa sekondari anayecheza besiboli hupokea barua pepe zinazofanana. Juu ipo nembo ya chuo kikuu, chini jina la kocha mkuu, na katikati maneno kwamba benchi la ufundi lingependa kumwona kijana huyo kambini. Ada hutajwa mwishoni: dola mia na ushei hadi mia kadhaa kwa siku moja au mbili, bila kuhesabu nauli, hoteli na chakula. Mzazi mgeni katika mambo ya usajili huisoma barua hiyo na kuamini kwamba mwanawe ameonekana. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa jinsi kanuni zilivyo, barua hiyo haiwezi kubeba maana hiyo, na kwamba thamani ya kambi hutokana zaidi na yaliyotangulia kabla ya ada kulipwa kuliko yanayofanyika uwanjani.

Tuanze na kanuni, maana ndizo zinazoeleweka kidogo kuliko yote. NCAA, inayosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vikuu Marekani, inataka kambi ya chuo mwanachama iwe wazi kwa yeyote anayetaka kujiandikisha. Chuo kinaweza kuweka mipaka ya idadi, umri, darasa na jinsia, basi. Wala hakiruhusiwi kumpunguzia ada mchezaji kinayemwania. Nia ilikuwa kuzuia kambi zisigeuzwe majaribio ya siri au hongo kwa wenye vipaji, na ni nia njema. Lakini matokeo yake ni kwamba kocha mwenye majina machache anayoyafuatilia kwa dhati huwachanganya vijana hao na makumi ya wengine asiowajua kabisa, na wote hulipa sawasawa.

Ipo kanuni ya pili inayozidi kuchanganya mambo. Tangu Aprili 2023, makocha wa besiboli wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kwa ajili ya usajili kabla ya tarehe 1 Agosti, anapokaribia kuanza darasa la 11. Matangazo ya kambi, hata hivyo, yanaruhusiwa wakati wowote. Kwa hiyo kijana wa darasa la 9 hapokei chochote kutoka kwa kocha isipokuwa tangazo, na tangazo hilo humfikia mahali penye ukimya mtupu, ambapo kila neno husikika kubwa kuliko lilivyo. Kocha anapomtaka mchezaji kweli, dalili zake ni nyingine: humpigia simu kocha wake wa sekondari, humtuma msaidizi kumtazama, na tarehe ikishafika humwandikia ujumbe unaotaja mchezo fulani na mpira fulani alioupiga.

Fedha nazo zina historia yake. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa mshahara na mmoja wa kujitolea. Huyu wa mwisho alifanya kazi ya mtu mzima bila mshahara wa chuo. Riziki yake aliitafuta kwenye kambi na mafunzo ya binafsi. Julai 2023 nafasi hiyo ya kujitolea ilifutwa na ikawa ya kulipwa, huku NCAA ikikabiliwa na kesi ya makocha waliowahi kuishika, inayojulikana kama Smart dhidi ya NCAA. Sioni ulaghai hapa. Kocha aliyeishi kwa ada za kambi alifundisha, mara nyingi kwa bidii. Ila shughuli iliyokua kwa kazi ya kulipa mishahara haiachi mazoea hayo kwa sababu tu kanuni imebadilika, na ni vigumu kuamini kwamba idadi ya vijana wanaopokewa kambini hupangwa kwa kutazama nafasi zilizo wazi kikosini.

Nafasi zenyewe zimepungua. Wanaocheza besiboli katika shule za sekondari Marekani wanakaribia nusu milioni. Kwa makadirio ya NCAA, takribani 7 katika kila 100 huendelea katika vyuo vyake vya madaraja yote, na 2 hivi tu hufika Daraja la Kwanza. Mwaka 2020 ligi kuu ya kulipwa, MLB, ilipunguza raundi za kuchagua wachezaji wapya kutoka 40 hadi 5 kwa sababu ya Uviko-19, kisha ikazifanya 20 kuanzia 2021, hivyo vijana ambao zamani wangeondoka kwenda kulipwa wakabaki vyuoni. Mwaka huohuo wa 2021 wachezaji wa besiboli waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje ya uwanja mwaka mzima, na baadaye hata kikomo hicho kikaondolewa. Kocha anayehitaji mlinzi wa kituo cha pili leo anaweza kumchukua mwenye miaka 21 aliyekwisha kupiga mipira ya warushaji wa chuo, badala ya kumsubiri wa miaka 17 akomae. Juu ya hayo, suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa Juni 2025, imeweka kikomo cha wachezaji 34 kwa vyuo vilivyoikubali, kutoka 40.

Wapo wanaojibu kwamba suluhu hiyo hiyo imeondoa kikomo cha ufadhili. Ni kweli. Lakini tukumbuke tulikotoka: fungu la timu nzima lilikuwa ufadhili kamili 11.7, likigawiwa hadi wachezaji 27, yaani wastani wa chini ya nusu ya gharama kwa kila mmoja. Chuo tajiri sasa kinaweza kuwafadhili wote 34 kikamilifu; kisicho tajiri kitaendelea kukatakata. Familia inayotumia maelfu ya dola kwa mwaka kuzunguka kambi kwa matumaini ya “ufadhili” ingefaa ifanye hesabu hii kwanza.

Watetezi wa kambi na maonesho ya vipaji, hasa yale ya kampuni binafsi kama Perfect Game, iliyoanzishwa Iowa mwaka 1995, hutoa ushahidi mmoja mkubwa: tazameni wachezaji waliochaguliwa na ligi kuu, wengi wao walipitia kwetu. Ushahidi huu una kasoro ya kimantiki. Ikiwa karibu kila kijana mwenye kipaji cha juu huhudhuria, basi walioteuliwa watakuwa wamehudhuria hata kama kuhudhuria hakukuwaongezea kitu. Tunachohitaji kujua ni habari za wawili wenye uwezo sawa, mmoja akaenda na mwingine asiende, na hesabu hiyo haimo katika matangazo.

Hata hivyo, kambi ya chuoni ina jambo ambalo maonesho ya kibiashara hayana. Katika maonesho kijana hugeuzwa tarakimu: sekunde za mbio za yadi 60, kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, muda wa mdakaji kuufikisha mpira kituo cha pili. Kambini kocha anaweza kumsahihisha namna anavyoweka miguu, kisha akatazama kama amesikia. Anamwona akikosea mara tatu mfululizo na jinsi anavyomsemesha mwenzake baada ya hapo. Kwa mchezaji ambaye tayari anafuatiliwa, saa hizo chache zinaweza kuamua. Kijana naye anamsoma mtu atakayemfundisha miaka minne, jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii.

Gharama isiyoandikwa kwenye fomu ni ya mkono. Utafiti wa Olsen na wenzake wa mwaka 2006 uliwalinganisha warushaji vijana 95 waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na 45 wasiowahi kupata jeraha kubwa. Waliopasuliwa walikuwa wamerusha miezi mingi zaidi kwa mwaka, kwa kasi kubwa zaidi, na kushiriki maonesho mengi zaidi. Miongozo ya Pitch Smart, iliyotolewa na ligi kuu pamoja na USA Baseball mwaka 2014, inashauri angalau miezi minne ya mwaka bila kurusha katika mashindano, na miwili au mitatu mfululizo bila kurusha kabisa. Kambi nyingi huangukia vuli na baridi, yaani katika miezi hiyohiyo. Kijana aliyepumzika vizuri hufika mkono ukiwa haujakaa sawa, husimama mbele ya mashine ya kupima kasi, na hurusha kwa nguvu zote. Ripoti ya ligi kuu ya Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ilitaja ufukuziaji huu wa kasi, na wimbi lake kufika kwa vijana, miongoni mwa sababu kuu. Kwa mrushaji, kwa hiyo, kizingiti cha kuhudhuria kiwe juu kuliko cha mlinzi au mpigaji.

Suala la nani anaweza kulipa halikwepeki. Mwaka 2015 Andrew McCutchen, mchezaji nyota aliyekulia katika umaskini Fort Meade, Florida, aliandika wazi kuhusu watoto wanaoachwa nje kwa kukosa fedha za kusafiri na kuonekana. Sehemu ya Wamarekani weusi katika ligi kuu, iliyopita asilimia 18 mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo ni kama 6. Sababu ni nyingi, lakini mfumo unaotoza ada mlangoni hauwezi kujitoa katika orodha hiyo. Simu ya mkononi imepunguza makali kidogo. Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda aliyefanya mazoezi na matairi ya gari, alijulikana kupitia video na mwaka 2023 akapata nafasi katika ligi ya majaribio ya MLB huko Marekani. Ni tukio la nadra, na hakudumu huko. Lakini linaonyesha kwamba kuonekana na kununua nafasi ya kuonekana ni mambo mawili.

Mahali ambapo ningemshauri mzazi alipe bila kusita sana ni kwenye vyuo vya Daraja la Tatu. Haviruhusiwi kutoa ufadhili wa kimichezo. Msaada wao hutokana na alama za darasani na hali ya familia. Makocha wake wana bajeti ndogo za safari, hivyo kambi ndiyo njia yao ya kuwaona wachezaji wengi kwa mara moja, na baadhi ya kambi hukusanya makocha wa vyuo vingi vyenye sifa ya kitaaluma katika uwanja mmoja. Kijana atume kwanza video na matokeo yake ya masomo, aulize kama wanahitaji mtu wa nafasi yake mwaka atakaohitimu, na ajiandikishe akishapata jibu lililoandikwa na mtu. Familia nyingi huanza upande wa pili: huanza na chuo kinachoonekana kwenye televisheni kila Juni katika fainali za besiboli za vyuo huko Omaha, na hukifikia chuo kidogo cha jirani fedha zikiwa zimeisha na bega likiuma.