Jeraha la Jicho: Baina ya Tabibu na Kadhi

Allah (SW) ametukumbusha mara nyingi katika Qur'ani neema ya kusikia na kuona. Jicho likijeruhiwa, Sheria haikuliachia jambo hilo tabibu peke yake wala kadhi peke yake. Historia yetu yaonyesha kuwa wote wawili walifungwa na sharti moja: kuhakikisha kwanza, kisha kutenda.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), jicho la swahaba Qatada bin Nu'man (RA) lilipigwa likaning'inia shavuni. Wengine wamepokea kuwa ilikuwa Badr. Watu walitaka kulikata. Alipoulizwa, Mtume (SAW) alikataza, akalirudisha mahali pake kwa mkono wake mtukufu, likapona. Huo ni muujiza, hakuna tabibu awezaye kuuiga. Lakini adabu yake imebaki: waliuliza kabla ya kukata.

Katika barua aliyopewa Amr bin Hazm kwenda Yemen, dia ya macho mawili imewekwa kuwa dia kamili, na jicho moja ngamia 50. Mafakihi wakakabiliwa na swali gumu: ikiwa jicho lipo lakini mwenyewe adai haoni vizuri, kadhi atajuaje? Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (RA) aliamuru jicho zima lifungwe, mtu akapewa yai akaenda nalo mbali mpaka majeruhi asiweze kuliona, pakatiwa alama. Kisha likafungwa jicho bovu, likapimwa zima. Tofauti ya masafa ikawa kipimo cha dia. Ibn al-Mundhir aliiona njia hii kuwa bora kuliko zote zilizotajwa. Aidha, wajuzi wakisema kuwa huenda nuru ikarejea, kadhi hungoja muda waliouweka.

Wajuzi hao walikuwa wakiitwa kahhal, jina litokanalo na wanja. Mashuhuri wao ni Ali bin Isa wa Baghdad, wa karne ya 5 Hijria. Kitabu chake, Tadhkirat al-Kahhalin, kina sehemu tatu: umbile la jicho, maradhi yanayoonekana kwa nje, na yaliyofichika. Mpango huo wenyewe ni somo: mwanafunzi ajue tabaka za jicho kwanza, ndipo atofautishe mchubuko wa juu na jeraha lililopenya ndani.

Likabaki suala la ibada. Ibn Abbas (RA) alipopofuka uzeeni, tabibu alimwahidi kumtibu kwa sharti aswali kwa kulala chali siku kadhaa. Akawauliza Bi Aisha (RA) na masahaba wengine. Wakamwuliza, je, akifa ndani ya siku hizo swala yake itakuwaje? Akaacha matibabu. Imam Malik alishika msimamo wa kukataza. Abu Hanifa na Sufyan Thawri wakaruhusu, na Ibn Qudama katika al-Mughni akaunga mkono, kwa hoja kuwa Mtume (SAW) aliswali kwa kukaa alipochubuka ubavu kwa kuanguka farasi. Hapa ndipo uzito wa neno la tabibu mwaminifu: yeye ndiye ajuaye kama kusujudu kutaliharibu jicho.

Ndugu imamu, wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa. Mwiba, kipande cha kuni au cha chuma kikipenya jichoni, tundu huweza kuwa dogo sana na kuonekana si kitu. Dalili za hatari ni mboni kupoteza umbo lake la duara, maji kuvuja, au nuru kupungua ghafla. Jicho lisikandwe, lisioshwe, kilichochoma kisichomolewe, wala lisitiwe majani au maziwa ya mama. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, mfano kitako cha kikombe safi, kiegemee mifupa ya paji na shavu, na majeruhi afikishwe hospitali papo hapo. Mchubuko wa juu nao si wa kubahatisha. Daktari huudhihirisha kwa rangi maalumu chini ya mwanga wa buluu.

Maji yakimdhuru, katika madhehebu ya Shafi ataosha sehemu nzima, atapangusa juu ya bandeji na kutayamamu. Na mtu asimwambie kuwa imani yake ni dhaifu kwa kuswali bila kuinama, ilhali daktari mwaminifu amemkataza. Anayetoa fatwa juu ya jicho asilolijua amejibebesha dhamana ya jicho hilo.

Wallahu a'lam.