Gofu, Mahame na Gunda: Ushahidi wa Majina katika Maboma Yaliyohamwa ya Nyanza Kusini

Msemaji wa Kiswahili akutanapo na boma lililoachwa na wenyewe anayo maneno mawili ya kulitajia. Akisema gofu, hutazama kitu kilichobaki: ukuta uliobomoka, au hata mwili uliokonda, maana husemwa pia "gofu la mtu". Akisema mahame, neno litokanalo na kuhama, huwakumbuka watu walioondoka. Wajaluo wakaao kando ya Ziwa Viktoria wana neno lao, gunda, lenye uzito wa namna nyingine. Gunda ni kiwanja cha boma lililohamwa ambacho kingali na wenyewe. Wazee wamezikwa humo, samadi ya ng'ombe imerutubisha udongo wake, na wazao huweza kukitaja katika shauri la ardhi kuwa ushahidi wa haki yao.

Tofauti hii si ndogo kwa mwanahistoria. Tuchukue mfano wa Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, kusini mwa Kisumu, kwenye nyika ya mawe na vichaka iliyo mbali na miji. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma lenye ngome, na thimlich ni msitu wa kutisha. Kuta zake, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zilipangwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa, na wataalamu huzikadiria kuwa za karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Maboma makubwa ya hapo ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kiambishi ka- cha Kijaluo kina maana ya "kwa" au "nyumbani kwa", na irabu yake humezwa na o inayofuata. Hivyo ka-Ochieng hutamkwa Kochieng. Kila jina, basi, ni tamko fupi: hapa ni kwa fulani.

Hata hivyo, tamko hilo halina budi kupimwa. Jamii mbalimbali zilikaa humo kwa kupokezana na kuzitengeneza kuta hizo, hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20. Jina humshuhudia aliyekaa. Halimtaji aliyeweka jiwe la kwanza. Anayelifanya jina kuwa hati ya ujenzi huwafuta waliotangulia, na anayeyaita maboma hayo magofu tu huwafuta wote.

Kwa hiyo mkusanyaji wa majina ya mahali hana budi kuwauliza wazee maswali mawili mbalimbali: nani alijenga, na nani alihama? Majibu yake yaandikwe kando kando, wala lisitumiwe moja kulijibia jingine.