Rupia ilipogeuka shilingi, fedha ilikwenda wapi?

Bei ya fedha ilivuka dola 50 kwa aunsi Oktoba 2025 na kuipita rekodi ya 1980. Wenye rupia kuukuu masandukuni, kuanzia Kipini hadi Garsen, sasa wana kishawishi cha kumpelekea sonara aziyeyushe. Kabla hawajafanya hivyo, wakumbuke zilikotoka.

Zamani pwani nzima, Witu ikiwemo, ilifanya biashara kwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya gramu 28. Wajerumani walifika Witu 1885, Waingereza wakaichukua 1890, na rupia ya India ikatamalaki. Fedha haili kutu. Salfa ya hewani huitia weusi tu, nao hutoka ukiisugua. Ilifaa kufukiwa.

Vurugu ilizuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeisimulia kwa uchungu ni W. McGregor Ross, mkurugenzi wa zamani wa kazi za umma, katika kitabu chake cha 1927, *Kenya from Within*. Rupia 15 zilikuwa pauni moja. Bei ya fedha iliporuka, rupia ikapanda nayo. Walowezi walidaiwa na benki kwa rupia huku wakiuza mazao London kwa pauni, wakapiga kelele. Benki nazo zikashikilia zilipwe kwa kiwango cha juu. London ikakata shauri 1920: rupia moja ni shilingi mbili. Madeni yao yakawa mazito zaidi kwa pauni, nao walowezi wakahamishia mzigo huo kwa vibarua: 1921 wakaamua kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi, na hasira hiyo ikampa nguvu Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika.

Tazama mizani. Rupia ilikuwa na gramu 11.66, fedha ikiwa sehemu 917 katika 1,000. Shilingi ya 1921 ilikuwa na gramu 7.78, fedha ikiwa sehemu 250 tu. Mfugaji aliyebadilisha rupia moja alitoa takriban gramu 10.7 za fedha safi, akarudishiwa shilingi mbili zenye gramu zisizofika nne. Hakuna aliyemuuliza.

Baada ya Vita ya Pili sarafu zetu zikaachana na fedha kabisa. Leo madini haya, yanayopitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine yoyote, yamo katika paneli za sola.

Shuleni watoto wetu hufundishwa habari za Thuku bila kuambiwa habari za rupia. Serikali ya kaunti ingezinunua sarafu hizo kwa bei ya sonara na kuziweka mahali pa kuonwa, mizani ikiwa kando yake.