Namba tasa za seva yako zimetoka wapi?

Wadau, zile namba tasa za shule ya msingi mnazikumbuka? 2, 3, 5, 7, 11... Nilidhani nimeachana nazo nilipomaliza fomu foo, kumbe ndizo zinasaidia kulinda hata kaseva kangu ka kukodi.

Mchezo wenyewe waliutangaza Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Kompyuta mbili zinakubaliana hadharani namba mbili, tuseme 23 na 5. Ya kwanza inachagua siri yake, 3. Inachukua 5 kwa kipeo cha 3, inagawa kwa 23, inatuma baki tu: 10. Ya pili siri yake ni 8, inatuma 16. Sasa 16 kwa kipeo cha 3, au 10 kwa kipeo cha 8, ukigawa kwa 23 baki ni 2 kotekote. Hiyo 2 ndiyo ufunguo, na haijapita hewani. (Msiniamini, pigeni hesabu wenyewe.)

Kazini hatutumii 23, tunatumia namba ya biti 2048, yaani tarakimu 617. Tena inatakiwa ukitoa 1 na kugawa kwa 2, jibu nalo liwe tasa, kama 23 inavyotoa 11. Kuitafuta kunachosha mashine, ndiyo maana seva huhifadhi zilizo tayari. Kwa OpenSSH ziko kwenye faili /etc/ssh/moduli. Siyo siri, yeyote anaweza kuziona.

Sasa balaa. Mwaka 2015 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Logjam. Seva nyingi zilikuwa zinatumia namba ileile moja ya biti 512. Ukishaipigia hesabu nzito ya kama wiki moja, kila mazungumzo yanayoitumia unayafungua kwa dakika moja hivi! Februari 2016 ikaja kali zaidi: programu ya socat ilikutwa na namba ya biti 1024 ambayo wala haikuwa tasa. Ilikaa humo mwaka mzima, watu wanaitumia tu.

Kuchangia namba siyo kosa kama ni kubwa na imekaguliwa. Na SSH za siku hizi huanza na njia nyingine, faili hili linaguswa zaidi na programu za zamani. Mimi hata hivyo nilitengeneza zangu:

ssh-keygen -M generate -O bits=3072 ghafi
ssh-keygen -M screen -f ghafi safi

Amri ya pili ndiyo inayokagua, na inakula muda, iacheni usiku. Kwenye faili la zamani angalieni safu ya tano: 2048 huandikwa 2047. Mstari wowote wa chini ya hapo, futa.