Rika la Barabara Kuu

Mikumi ni mji wa barabara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma na Zambia hupita katikati ya hifadhi ya wanyama, kisha madereva huegesha, hula, hulala. Kilosa, makao makuu ya wilaya, ni mji wa reli. UKIMWI, ulioripotiwa nchini Tanzania mara ya kwanza mwaka 1983 kule Kagera, ulisafiri kwa njia hizo hizo.

Barabarani ndiko kulikojaribiwa pia mbinu ya kuukabili. Kati ya 1990 na 1993, shirika la AMREF liliwafunza madereva wa malori na wanawake wa vituoni kuelimishana na kugawa kondomu. Kazi hiyo twaijua leo kwa jina la uelimishaji rika. Kwa wazee wetu, rika ni watu waliokua pamoja, na aibu ya mmoja ni ya wote.

Wanawake transi, yaani waliozaliwa wakaitwa wavulana nao wakajijua wanawake, hawakurithi rika. Jandoni walikuwa wageni, unyagoni hawakualikwa. Hata kwenye hesabu hawakuwemo: utafiti wa mwaka 2013 uliojumlisha takwimu za nchi 15 ulikuta asilimia 19 ya wanawake transi wana VVU, lakini miongoni mwa nchi hizo hapakuwa na hata moja ya Afrika.

Rika lao, basi, ni la kujiundia. Anayejua zahanati isiyo na masimango humnong'oneza mwenzake. Anayeogopa kupimwa husindikizwa. Anayeficha dawa nyumbani hukumbushwa saa ya kumeza.

Februari 2017 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa vituo 40 vimezuiwa kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu, vikidaiwa kuhamasisha ushoga. ARV, dawa za kufubaza VVU zinazotolewa bure tangu 2004, zilibaki hospitalini. Lakini kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa ngono ya “kinyume cha maumbile”, na wapo wanawake transi waliokwepa dirisha la dawa kwa hofu. Kwao, mkono wa mwenzao ndio ulikuwa kituo.

Wanawake wa vituo vya malori nao walisemwa vibaya mitaani. Hata hivyo, mwaka 1990 walikabidhiwa kondomu, wakaaminiwa kuzigawa.